Zilipendwa, Wenyewe Hawakulipwa

Watu wa rika langu tumeingia katika umri wa kusimulia. Tukikutana msibani, harusini, au katika makundi ya WhatsApp ya tuliosoma pamoja, hazipiti dakika nyingi kabla mmoja wetu hajalilia duka la kanda la ujana wake: kuta zilizojaa kaseti hadi darini, spika mbili barazani, mwenye duka aliyeutambua wimbo ukimpigia mluzi mistari miwili tu, kalamu iliyotumika kurudishia kanda iliyotoka. Kisha hufuata hukumu: muziki ulikuwa ule, huu wa siku hizi ni kelele, vijana hawajui kusikiliza, simu imeua kila kitu. Wengine huitikia, picha za santuri za kale hurushwa, na kila mmoja hulala na furaha yake.

Nami nimekuwa mmoja wa waombolezaji hao. Leo naandika ili nijitoe katika matanga haya. Hoja yangu ni hii: duka tunalolililia lilikuwa mahali ambapo kazi ya mwanamuziki iliuzwa kila siku pasipo mwenyewe kupata senti moja, na majonzi yetu, kwa namna tunavyoyasimulia, yanaiendeleza dhuluma hiyo kwa kuifunika. Tunalikumbuka duka, tunamsahau mpiga gitaa. Wala jambo hili si la hisia tupu. Lina tarehe, kama nitakavyoonesha, na tarehe hiyo haiko mbali.

Nilikulia Morogoro. Msomaji anayejua historia ya muziki wa dansi anaelewa uzito wa sentensi hiyo. Mji ule mmoja ulituzalia Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mtoto wa Morogoro wa miaka ya tisini, hata kama wakubwa hao walikwisha kufariki kabla hajazaliwa au kabla hajapata akili, alikua akiambiwa kwamba anatembea juu ya ardhi ya wenye muziki. Katika mtaa mmoja usio mbali na soko lilikuwapo duka la kanda, na mimi, tangu kidato cha pili, nilikuwa mkono wa duka hilo. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya nyimbo kwenye kadi za kaseti, upande A na upande B, na malipo yangu yalikuwa kanda moja kila baada ya siku kadhaa. Nilijiona mwenye bahati kuliko vijana wote wa mtaa.

Naomba tuitazame biashara ile kwa macho makavu. Mteja alikuja na karatasi yenye orodha ya nyimbo kumi na mbili. Alinunua kanda tupu, ya dakika 60 au 90, au alileta ya kwake. Mwenye duka alichomoa kanda zake mama, akazichomeka katika mashine yenye vinywa viwili, akanakili wimbo mmoja baada ya mwingine. Kesho yake mteja alirudi kuchukua mzigo wake. Bei aliyolipa ilikuwa na sehemu mbili tu: thamani ya kanda na ujira wa kunakili. Wimbo wenyewe haukuwa na bei. Kiwanda cha ng'ambo kilichotengeneza plastiki kililipwa. Mwenye mashine alilipwa. Shirika la umeme lililipwa. Hata mimi mwenye mwandiko nililipwa. Mtu pekee ambaye hakuwamo katika hesabu ile alikuwa yule ambaye, bila yeye, sisi wengine wote tusingekuwa na kazi.

Atakayesema kwamba hayo yalikuwa makosa ya mwenye duka mmoja hajaitazama historia. Muziki wetu ulizaliwa katika mpangilio ambao uliwaweka wenye kuuimba mbali na wenye kuuza. Siti binti Saad, mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kuvuma kwa santuri, ilimlazimu kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye sahani, na kampuni iliyozitoa santuri hizo ilikuwa ya Uingereza. Vizazi viwili baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Bendi za Tanzania zilizotaka santuri zilipanda basi kwenda Nairobi, kwa kuwa studio za kampuni za santuri na mitambo ya kuzichapa ilikuwa huko. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alirekodi Nairobi, na mauti yalimkuta Mombasa, katika ajali ya gari, Januari 1979. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa, njia ya santuri nayo ilibanwa. Ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kanda ilikuwa imekwisha kushika hatamu. Kanda haikuhitaji kiwanda. Ilihitaji redio kaseti mbili na kijana mwenye mwandiko.

Ndani ya nchi, mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. Bendi kubwa zilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi, ya shirika la maendeleo la jiji, ya umoja wa vijana, ya jeshi na ya polisi. Magitaa yalikuwa ya mwajiri, ngoma za mwajiri, vipaza sauti vya mwajiri. Utaratibu huo ulikuwa na fadhila zake, nami si katika wale wanaoudharau: uliwapa watu mshahara kila mwezi kwa kazi ambayo kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa uhuni. Lakini mwanamuziki alipohama bendi aliondoka na sauti yake tu. Nyimbo alizotunga zilibaki nyuma yake, na kanda zake za awali zilikuwa zimekaa katika maktaba ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa studio kuu ya nchi. Redio ilizipiga, taifa likazipenda, na sisi wenye maduka tukazinasa hewani au tukaziokota katika santuri na kuziuza.

Wala tusijitetee kwamba hapakuwa na sheria. Bunge letu lilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966. Duka nililolifanyia kazi lilifunguliwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, mchana kweupe, mlango ukitazama barabara kuu, likiwa na leseni ya biashara ukutani. Askari walirekodi kwetu. Walimu walirekodi kwetu. Maofisa wa utamaduni walirekodi kwetu, tena hao ndio waliokuwa na orodha ndefu kuliko wote. Sheria mpya, ya Hakimiliki na Hakishiriki, ilikuja mwaka 1999 na kwayo tukapata COSOTA. Kufikia hapo kanda yenyewe ilikuwa inaanza kuzeeka.

Sasa nisimulie kisa ambacho sijapata kukiandika.

Siku moja ya mwaka 1993 alikuja dukani mzee mmoja aliyevaa shati jeupe lililopauka, la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliomba wimbo mmoja tu. Mwenye duka alimwambia kwamba hatuuzi wimbo mmoja, achague kumi na mbili. Mzee akasema yeye haja yake ni huo, kwa sababu ni wa kwake. Aliutunga yeye na kuupigia gitaa la pili, na hana nakala. Watu waliokuwapo barazani walicheka, si kwa ubaya, bali kwa ile furaha ya kukutana na mtu wa zamani. Walimwamkia, walimpa kiti. Wimbo ulipigwa. Alisikiliza hadi mwisho, kidole kikigonga goti. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akalipia kanda nzima, bei ile ile ya kila mtu. Hakuna aliyemzuia. Hakuna hata aliyeona kwamba palikuwa na jambo la kuzuia.

Nilipokuwa naandika kadi yake aliinama kunitazama. Nilikuwa nimeandika jina la wimbo na jina la bendi, kama kawaida. Akaniambia, "Mwanangu, niandike na mimi hapo." Nikamjibu kwamba mstari umejaa, nafasi haitoshi. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kanda yake, akaenda zake.

Kadi ya kaseti ina mistari kumi na miwili au zaidi, na kanda ile ilikuwa na wimbo mmoja. Nafasi ilikuwapo. Kilichonizuia ni kwamba katika miezi yote niliyoandika kadi sikuwahi kuandika jina la mtunzi, na nilidhani kwamba jambo ambalo halijawahi kufanyika haliwezekani. Leo nalikumbuka shati lake, naukumbuka wimbo wake, lakini jina lake silikumbuki. Ningeliandika nisingelisahau. Miaka michache iliyopita niliwauliza wazee wawili wa mji wanaoujua wimbo huo. Kila mmoja alinitajia mtunzi wake, na hakuna aliyenitajia mtu wa sura ile.

Tazameni basi neno tunaloziitia nyimbo hizi. Tunaziita zilipendwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Zilipendwa na nani? Na sisi. Sisi ndio wenye hadithi: ujana wetu, mapenzi yetu ya kwanza, mtaa wetu, duka letu. Wimbo umekuwa chombo cha kumbukumbu zetu, na aliyeutunga hana nafasi katika neno lenyewe, kama asivyokuwa na nafasi kwenye kadi yangu. Ndiyo maana nasema majonzi haya si ya bure. Ni njia ya kumiliki kitu cha mtu kwa mara ya pili: mara ya kwanza tulichukua sauti, sasa tunachukua na historia.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nilikuwa nikiyatoa mimi mwenyewe.

La kwanza ni kwamba bila maduka yale nyimbo nyingi zingepotea. Ni kweli, na ukweli huo una uzito. Ziko nyimbo ambazo leo zinasikika kwa sababu tu mtu fulani alizinasa redioni na kanda yake ikaepuka panya na unyevu. Lakini kuokoa mali ya mtu katika moto hakukupi hati ya nyumba yake. Mwokoaji mwema hurudisha, au walau hupiga hodi na kusema, nina kitu chako.

La pili ni kwamba mwenye duka naye alikuwa mtu wa hali ya chini aliyetafuta riziki. Hilo pia ni kweli. Yule niliyemfanyia kazi alisomesha watoto kwa mashine zile, na alinifundisha kusikiliza besi kabla ya sauti, elimu ambayo hakuna darasa lililonipa. Sitaki afungwe wala atukanwe. Nataka tukubali kwamba mnyonge mmoja alikula kwa jasho la mnyonge mwingine, na kwamba waliokuwa na uwezo wa kuweka utaratibu ambao ungewalisha wote wawili walikuwa wateja wetu.

La tatu ni lile la kwamba vijana wa sasa wameharibu muziki. Hili ndilo dhaifu kuliko yote. Kijana wa Bongo Fleva, kwa makosa yake yote, angalau anajua kwamba wimbo ni mali, anataka jina lake liandikwe, na anauliza kuhusu mirabaha. Anauliza kwa kelele, mara nyingine kwa matusi, lakini anauliza. Sisi tulioketi barazani tukisikiliza nyimbo za utu na maadili hatukuuliza hata mara moja.

Wala duka lile halijafa. Limehama. Nenda kituo chochote cha daladala: utamkuta kijana na kompyuta yake chini ya mwavuli, anajaza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu kwa bei ya chai na chapati mbili. Fungua YouTube: utakuta chaneli zilizosheheni nyimbo za miaka ya sitini na sabini, zimepandishwa na watu wasio watunzi, wala wapigaji, wala warithi wao, na matangazo yanapita juu yake. Chini ya kila wimbo tumeandika sisi, watu wazima wenye vyeo: "Dah, umenikumbusha mbali sana." Ni baraza lile lile. Tunacheka kwa furaha ileile, na mzee mwenye shati jeupe analipia kifurushi cha intaneti kwa bei ya kila mtu ili asikilize kazi yake.

Sasa nifikie tarehe niliyoahidi. Sheria yetu ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Fanyeni hesabu: kwa kipimo hicho muda wake uliisha mwaka 2015. Nusu karne nzima ilipita, santuri na kanda zake zikipigwa nchi nzima na nje ya nchi, na mwaka ule ulipofika sikusikia hata mmoja wetu, tunaojiita wapenzi wa zilipendwa, akisimama kuuliza familia ilipata nini katika miaka 50 hiyo. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Muda wake unaisha mwaka 2029. Baada ya hapo, mtu yeyote atakayechuma kwa tungo zake hatakuwa na deni mbele ya sheria kwa warithi wake. Wengi waliomfuata wako katika foleni hiyohiyo, mwaka baada ya mwaka, na wengi wao hatujui hata majina yao.

Kwa hiyo, badala ya machozi, napendekeza kazi nne.

Ya kwanza ni ya Shirika la Utangazaji Tanzania, mrithi wa maktaba ya RTD. Toeni hadharani orodha ya kanda zilizomo: jina la wimbo, bendi, tarehe ya kurekodiwa, mtunzi, mwimbaji, wapigaji. Sisemi muachie sauti. Hilo lina taratibu zake. Nasema orodha. Orodha haivunji haki ya mtu, bali ndiyo mwanzo wa kuidai. Mjane wa mpiga tarumbeta hawezi kudai kitu ambacho hajui kwamba kipo.

Ya pili ni ya COSOTA. Mtunzi aliye hai anaweza kufika ofisini kujisajili. Mtunzi aliyekufa mwaka 1982 hawezi, na wajukuu wake walioko Kilosa au Korogwe hawajui mlango huo uko wapi. Ofisi iwafuate. Sheria imeongezewa tozo ya hakimiliki kwa vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi. Basi sehemu ya tozo hiyo igharimie kuwatafuta warithi wa kizazi ambacho kazi yake ndiyo iliyonakiliwa bila malipo kwa muda mrefu kuliko vyote.

Ya tatu ni yenu, ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Kila sherehe ya serikali, kuanzia halmashauri hadi wizara, hupigwa zilipendwa. Tuna bajeti ya maturubai, ya maji ya chupa, ya fulana na ya maua. Wekeni mstari wa kibali cha muziki. Ofisi ya umma ikilipa, mwenye ukumbi naye atalipa. Ikikwepa, itakuwa na uso gani wa kumdai mwenye baa?

Ya nne ni ya wanafunzi wangu. Mnapokuja kuniomba mada za tasnifu, mnaniletea mambo ya mbali. Rudini nyumbani. Kila mji wa nchi hii ulikuwa na bendi, na kila bendi ina mzee mmoja aliyebaki. Nendeni na daftari. Muulizeni nani alitunga, nani alipiga solo, nani alipiga gitaa la kati, nani aliimba kiitikio. Wakipingana wazee wawili, andikeni kauli zote mbili na majina ya waliozisema. Mpingano ulioandikwa unaweza kusuluhishwa. Uliosahauliwa hauna hakimu.

Mapenzi ya muziki huu sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni mapenzi yasiyo na jina la mpendwa. Duka la ujana wangu lilinipa sikio, lilinipa marafiki, na kwa namna fulani lilinipa hata kazi ninayoifanya leo, kwa kuwa palepale ndipo nilipojifunza kwamba wimbo wa dakika sita unaweza kubeba hoja nzito kuliko hotuba ya saa mbili. Nitaendelea kulikumbuka. Lakini nitalikumbuka na deni lake, na nitawaomba wenzangu wafanye hivyo. Mara nyingine mtakapokutana na kuanza kusimulia kuta zilizojaa kaseti, mmoja wenu na aulize: wimbo huo ulitungwa na nani, na watoto wake wako wapi? Kama hakuna anayejua, ahirisheni machozi, mkamtafute. Mwaka 2029 hauko mbali, na nafasi ya kuandika majina bado ipo.